Kutimiza mwaka wa babu (Tanga): misa, wasifu, kaburi na bonanza tunapangaje?

Mjukuu wa Makorora

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Babu mzaa baba alifariki 2 Agosti 2025 akiwa na miaka 84. Ameacha bibi, watoto 7 na wajukuu 23. Aliyemjua alimjua kwa mambo matatu: kanisa (UWAKA, yaani chama cha wanaume Wakatoliki, na uongozi wa jumuiya), ukoo wake, na mpira. Coastal Union, klabu ya soka ya hapa Tanga, damu.

Baba wadogo wanataka kila kitu kifanyike siku moja, 2 Agosti 2026: misa, kubariki kaburi, chakula cha watu 100, kisha bonanza la timu nane kwenye uwanja wa mtaa. Kaburi liko shamba la familia upande wa Pongwe, bado ni tuta la udongo na msalaba wa mbao. Tunataka pia kijitabu cha wasifu, ila kila shangazi ana mwaka wake. Tuanzie wapi, na ni wapi watu huwa wanakosea?

---

Katekista Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu. Kabla hamjachapa kadi za michango, angalieni kalenda. 2 Agosti 2026 ni Jumapili. Nia ya kumwombea marehemu inapokelewa Jumapili na jina lake linatajwa, lakini masomo na sala vinabaki vya Jumapili hiyo, si vya misa ya marehemu. Familia nyingi hulijua hilo kwaya ikiwa imeshafanya mazoezi ya nyimbo za marehemu wiki tatu.

Mkitaka misa ya marehemu kamili, chukueni Jumamosi 1 Agosti asubuhi. Ni kumbukumbu ya Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, na misa ya kutimiza mwaka wa kwanza inaruhusiwa hata siku yenye kumbukumbu ya lazima. Nimesema asubuhi kwa sababu misa ya Jumamosi jioni ni ya Jumapili tayari.

Pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwani ofisi ya parokia itawauliza marehemu alikuwa jumuiya gani. Kisha nia iandikwe kwenye daftari mapema: jina la ubatizo na la ukoo, tarehe, na anayeomba. Kama mnataka padri afike Pongwe kubariki kaburi, semeni siku hiyo hiyo ya kuandikisha, na mseme usafiri ni wa nani. Msimngoje padri sakristia (chumba anachovalia) baada ya misa ndipo mumwambie, ana ratiba zake.

Watoto saba wakileta kila mmoja sadaka yake ya misa, hizo ni misa saba. Hazijumlishwi kuwa moja. Zigawanyeni: siku yake ya kuzaliwa, siku ya ndoa yao na bibi, 2 Novemba ya Marehemu Wote, na kadhalika. Na kuanzia 1 hadi 8 Novemba, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili (kuondolewa adhabu zote za dhambi), akiwa amepokea kitubio na komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Kwa mtu aliyeipenda imani yake, hilo lina uzito kuliko turubai na viti vya kukodi.

Mahubiri si mahali pa wasifu. Wasifu husomwa baada ya sala ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho, na msomaji mmoja, si ukoo mzima kwa zamu. Maneno 400 yanatosha, ni kama dakika nne. Yaliyobaki yaende kwenye kijitabu.

Kuhusu jezi na mpira: msivipeleke kwenye matoleo. Kinachotolewa altareni hakirudi nyumbani, nanyi jezi mtaitaka. Pelekeni mkate, divai na vitu vya wahitaji. Jezi ikae pamoja na picha yake kwenye meza ya nje, kwenye chakula.

---

Mpiga Chapa wa Barabara ya 8

Niongelee kijitabu. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Karatasi nne za A4 zikichapwa pande mbili na kukunjwa zinatoa kurasa 16 za A5, na pini mbili za katikati zinatosha. Mkileta kurasa 14 mtalipia mbili tupu. Herufi ziwe saizi 13 au 14, wasomaji wenu wa kwanza ni wazee wenzake. Picha za zamani ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), msizipige kwa simu zikiwa ndani ya fremu maana kioo kinarudisha mwanga. Na picha iliyopita WhatsApp mara tatu ikichapwa ukurasa mzima inatoka kama imelowa.

Sasa miaka ya mashangazi. Msipige kura. Tafuteni cheti chake cha ubatizo au cha ndoa, pana namba: LB ni daftari la ubatizo, LC kipaimara, LM ndoa. Kwa namba ya LB, karani wa parokia alikobatizwa anafungua ukurasa na kuona jina, wazazi, msimamizi na tarehe, na pembeni huandikwa kipaimara na ndoa. Kwa hiyo daftari moja linaweza kumaliza ubishi wote. Kama hamna namba, pelekeni jina la ubatizo, majina ya wazazi na makisio ya miaka mitatu, si kumi. Nendeni parokia ya ubatizo hasa, si aliyohamia. Msishangae mkikuta karatasi za zamani zina jina la Vikarieti (eneo la kanisa ambalo bado si jimbo) ya Kilimanjaro: Tanga ilitengwa nayo mwaka 1950 na kuwa jimbo 1958.

Upande wa mpira ndiko kwenye chumvi nyingi. Babu wa miaka 84 alizaliwa kama 1941. Coastal Union imeanzishwa 1948. Mkiandika "mwanzilishi wa Coastal", mnasema aliianzisha akiwa darasa la kwanza. Andikeni "mwanachama" au "mshabiki" na mwaka mnaoweza kuuonyesha kwa kadi. Kama alichezea timu ya nchi au mkoa kabla ya 1964, nchi ni Tanganyika, si Tanzania. Medali yenye neno Gossage (kombe la timu za nchi za Afrika Mashariki) ni ya kabla ya 1967, maana kombe hilo lilichezwa mara ya mwisho 1966 kisha likawa Kombe la Chalenji. Na ubingwa wa 1988 msiusahau, mwaka ule Wagosi wa Kaya (ndio Coastal) walichukua ligi. Picha yoyote ya babu uwanja wa Mkwakwani ya mwaka huo ipeni ukurasa wake.

Jalada lake lipo tayari kwenye Biblia, 2 Timotheo 4:7: "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, Imani nimeilinda." Masomo ya misa yenyewe chagueni na padri (Hekima 3:1-9 au Yohane 14:1-6 hutumika sana), ila mstari huu unamfaa mtu wa kanisa na wa mbio.

Kurasa mbili za katikati wekeni mti wa ukoo. Majina yote 23 ya wajukuu yahakikiwe na mama zao, si baba zao. Jina lililosahaulika huzaa ugomvi kuliko mchango uliopotea.

---

Fundi wa Pongwe

Kaburi lisijengwe Oktoba mpaka Desemba kwenye vuli, wala masika ya Machi hadi Mei. Juni na Julai ndiyo nafasi yenu, na udongo utakuwa umeshashuka vya kutosha.

Kosa kubwa ni kumwaga zege juu ya udongo wa kujaziwa. Udongo unashuka, zege linapasuka katikati, marumaru zinabanduka. Jengo lizidi shimo kila upande ili kuta zikae kwenye ardhi isiyochimbwa. Chukueni futi 8 kwa 4. Msingi upana sentimita 30 na zege la sentimita 10. Juu yake kozi (mistari) mbili za tofali za inchi 6: karibu 16 kila kozi, nunueni 35 kwa ajili ya zitakazovunjika. Kisha zege la juu sentimita 10, lenye nondo za milimita 10 zilizopishana sentimita 20. Nondo tatu za mita 12 zinatosha. Saruji mifuko 6 ya kilo 50 pamoja na lipu. Mchanganyiko wa zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, na maji yasizidi.

Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni ni rahisi kuupata, lakini chumvi yake inakula nondo, nondo ikivimba kwa kutu inalipasua zege kutoka ndani. Nondo ziinuliwe kwa vipande vya zege ili zisiguse chini, zifunikwe walau sentimita 4. Mwagilia siku 7 asubuhi na jioni, funika na magunia.

Msalaba wa chuma cha kawaida kwa upepo wetu wa bahari hauna maisha. Mimina wa zege. Jina lichongwe kwenye jiwe la granaiti, si kupakwa rangi. Na kabla ya kuchonga, mtu wa tatu asome tahajia na tarehe, jiwe halina kifutio.

---

Kocha wa Chandarua

Mimi ni Kimanumanu, yaani shabiki wa African Sports, watani wa Coastal hapa Tanga, lakini mtani akifa tunazika pamoja.

Siku moja haitoshi, nitakuonyesha kwa hesabu. Timu nane kwa makundi mawili ni mechi 12, nusu fainali 2 na fainali, jumla 15. Kila mechi dakika 10 kwa 10, mapumziko na kubadilishana, ni nusu saa. Hiyo ni saa saba na nusu, na jua la Tanga linazama saa 12 na dakika ishirini na kitu. Mtoano ni mechi 7, saa tatu na nusu. Kwa hiyo: Jumamosi misa, kaburi na chakula. Jumapili asubuhi kanisani, mchana mpira.

Robo fainali nne saa 8:00 hadi 10:00. Simamisha dakika 20 kwa swala ya alasiri, nusu ya wachezaji watakwenda kuswali na ni heshima kuiweka kwenye ratiba badala ya kuwaacha wabishane na refa. Nusu fainali 10:20 hadi 11:20, fainali mara moja baada ya hapo. Sare ni penalti tatu tatu, hakuna muda wa nyongeza. Veterani wa rika la watoto wake wacheze saa 7:30, dakika 7 kwa 7, kabla ya mashindano. Ukiwaweka mwisho watapoa misuli na kuchanika.

Wachezaji saba saba, kila timu isajili 10. Orodha zenye picha zikabidhiwe siku tatu kabla, la sivyo mamluki watajaa ikifika nusu fainali. Waamuzi watatu wa chama cha soka cha wilaya wakipokezana, mipira mitatu namba 5, madumu sita ya maji ya lita 20 (wachezaji 80, lita moja na nusu kila mmoja), barafu na bandeji. Barua kwa serikali ya mtaa wiki mbili kabla, nakala polisi. Zawadi iwe mbuzi na kombe. Fedha taslimu huleta ngumi.

---

Mjukuu wa Makorora

Asanteni sana. Baba mdogo amekubali siku mbili. Amebakiza mambo mawili: anataka nembo ya Coastal ichongwe kwenye jiwe, na anauliza pilau ya watu 100.

---

Fundi wa Pongwe

Nembo ni mali ya klabu, waombeni uongozi kwa barua. Pia nembo ina mistari midogo, kwenye granaiti inajaa vumbi na kutoonekana. Chongeni mpira mdogo chini ya jina, na msalaba juu.

---

Mama wa Masufuria

Mchele kilo 15, nyama kilo 12, viazi kilo 5, vitunguu kilo 4, mafuta lita 2 na nusu. Gawanyeni sufuria mbili, kilo 15 kwenye moja chini inaungua na juu bado ni mbichi. Mnyama achinjwe na Mwislamu, tena mseme wazi nani kachinja, ili majirani wa babu wale bila kuuliza. Mkileta nyama ya nguruwe kwa ajili ya baadhi ya wageni, ipikwe mahali pengine kabisa, kwa vyombo vyake.

---

Katekista Mstaafu

Nyongeza kwa siku ya kaburi: bebeni mshumaa wenye kinga ya upepo, maji ya baraka kwenye chupa iliyoandikwa (yalishawahi kunywewa), na mtu wa kuanzisha "Raha ya milele umpe, ee Bwana" ili watu wasitazamane. Bibi awekewe kiti kivulini karibu na kaburi kabla padri hajafika. Watoto washike maua ya bustani, ya plastiki jua litayapausha kabla ya Novemba.