Tupeane uzoefu: umeme wa nyumba za zamani hapa Dodoma, mmekutana na nini?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, nyumba za zamani za mjini zimebebeshwa mzigo ambao aliyezijenga hakuufikiria. Palipokuwa na taa tatu na redio, leo kuna friji, pasi, jiko la umeme, heta ya bafuni, halafu wapangaji wa uani wamevutiwa waya kutoka sebuleni. Familia imenikabidhi nyumba ya mzee pale Kikuyu na nataka nianze na umeme kabla ya rangi. Nyuma ya mlango kuna ubao wenye fyuzi za kauri, na moja imefungwa waya mnene wa shaba, hauwezi kuungua hata uiombee dua. Bei za mafundi nitaulizia mwenyewe. Nipeni mliyoyakuta ukutani na darini.

Mdau wa Makole
Huo waya mnene utoe leo leo. Fyuzi kazi yake ni kuungua yenyewe ili waya wa ukutani upone. Ukiiziba hivyo, kitakachoungua ni dari.

Kwetu ilianza na harufu jikoni, kama samaki aliyeoza. Tukahamisha kabati, tukatafuta panya aliyekufa, hakuna. Fundi kufungua soketi ya friji, nyuma yote nyeusi. Wala mzigo haukuzidi. Skrubu zilikuwa zimelegea kwa miaka, waya unagusa na kuachia, joto linapanda pale pale na plastiki inaiva. Sasa hivi nikiona soketi ina rangi ya chai pembeni, au plagi inachezacheza ndani, sisubiri.

Mama wa Chang'ombe
Mimi kwangu kulikuwa na sheria: friji haifunguliwi bila ndala, maana inapiga shoti. Watoto wamekua wakijua hivyo, wageni tunawaambia mlangoni. Fundi wa kwanza aligeuza plagi akasema imepona, akachukua hela yake. Cha ajabu, mvua zikishika inapungua, ikifika Agosti au Septemba inapiga kweli kweli. Jirani akaniambia friji ndiyo mbovu, nikauza, nikanunua nyingine. Nayo ikapiga!

Mdau wa Ipagala
Hahaha, mama pole. Sheria ya ndala hata kwa bibi yangu Kongwa ipo.

Fundi wa Nkuhungu
Mama, hapo umeieleza Dodoma yote. Ngoja niandike kwa kirefu kidogo, maana hili nakutana nalo kila wiki.

Waya wa erthi wa nyumba unaishia kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Umeme ukivuja kwenye bodi ya friji, unatakiwa upite huko kwa wingi mpaka breka ikate. Lakini ardhi yetu kuanzia Mei hadi Novemba ni kavu, na udongo mkavu unapitisha umeme kwa shida. Piga hesabu: volti 230, ukinzani wa fimbo omu 100, unapata ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 32 haishtuki kwa hizo, hata pasi inavuta zaidi. Kwa hiyo breka imekaa, taa zinawaka, na friji ina umeme bodi nzima. Mvua ikija udongo unalowa, erthi inafanya kazi kidogo, mnasema imepona.

Nyumba za zamani zina balaa lingine. Nyingi erthi yake ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Baadaye bomba likaoza, wakaweka la plastiki, wala hakuna aliyekumbuka kwamba ile ndiyo ilikuwa erthi. Ukifungua soketi waya wa kijani upo, umefungwa vizuri kabisa, ila hauendi popote.

Dawa ni mbili, na zote zinahitajika. Kwanza fimbo: itolewe chini ya baraza ambako mvua haifiki, ipelekwe panapopata unyevu, na moja isipotosha ziongezwe, zikae mbali mbali angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe. Kuna wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni. Kipimo kinashuka, sikatai, lakini chumvi inakula fimbo na mvua inaihamisha, baada ya muda mnarudi kule kule. Pili, na hii kwa Dodoma naiona ya lazima, ni RCD, kifaa cha kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Yenyewe haisubiri ampea nyingi. Inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, ikiona tofauti ndogo hiyo inakata. Hata erthi ikiwa dhaifu kiasi, bado inakuokoa. Ila haichukui nafasi ya breka, vyote viwepo. Ina kitufe cha kujaribia, kibonyezwe mara kwa mara, isipokata, ibadilishwe.

Mama wa Chang'ombe
Kumbe nimeuza friji nzima bure. Fimbo yangu iko hapo hapo barazani, chini ya ndoo za maua.

Mpangaji wa Area A
Nyumba niliyotoka, mwenye nyumba alifunga heta ya kuogea kwa kuungia waya wa taa ya bafuni. Heta ya wati 5,000, gawanya kwa 230, ni karibu ampea 22, kwenye waya mwembamba wa taa, wa milimita za mraba 1.5. Breka ikawa inakata kila nikioga. Alichofanya ni kununua breka kubwa. Nikamwambia mzee, breka inalinda waya, ukiiongeza bila kubadilisha waya umeondoa mlinzi. Akanijibu mbona sasa haikati tena. Nikahama.

Mdau wa Uhindini
Mimi kwa kifupi: darini nilikuta waya za zamani zenye ganda la mpira limefunikwa kitambaa. Ukizikunja zinamomonyoka kama mkate mkavu. Hizo hazitengenezwi, zinang'olewa zote. Na ukipanda juu zima meni swichi kwanza, siyo swichi ya taa.

Mdau wa Mpwapwa
Angalieni rangi. Nyumba ya babu ina nyekundu ya moto na nyeusi ya nyutro, mtindo wa zamani. Vyumba vilivyoongezwa vina kahawia ya moto na bluu ya nyutro. Sasa kwenye rangi mpya za fezi tatu, nyeusi ni moto! Fundi kijana akikuta nyeusi asiamini macho, apime.

Mdau wa Miyuji
Naomba kuuliza, kwangu hapigwi mtu, tatizo LUKU inaisha haraka. Ni nyumba ya zamani pia.

Mdau wa Makole
Zima na chomoa kila kitu, ila meni swichi iache. Kaangalie kitaa cha mita. Kikiendelea kupepesa kuna mahali umeme unakwenda. Inaweza kuwa unavuja kwenye waya mbovu.

Mdau wa Miyuji
Nimejaribu. Kimeendelea kupepesa, mpaka mpangaji wa uani alipotoka kuuliza mbona kwake umeme upo na kwangu giza. Nimeufuata waya, umepita chini ya bati la choo. Nashukuru mkuu, tumeanza mazungumzo.

Mleta mada
Nimesoma zote. Nimeshatoa ule waya wa shaba, na nimegundua bomba letu lilibadilishwa kuwa la plastiki zamani, kwa hiyo erthi ndiyo hiyo tena. Uani hakuna kuvuta tena kutoka sebuleni. Swali kwa fundi: nitajuaje kama waya zilizomo ukutani zinafaa kubaki?

Fundi wa Nkuhungu
Usikubali aliyetazama kwa macho tu akasema ziko safi, wala mwenye bisibisi ya testa peke yake. Mwite mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje na mega, yaani kipimo cha ganda la waya, apime kwa volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1 usibishane, ng'oa. Na akuandikie vipimo kwenye karatasi, vishoka, mafundi wasio na leseni, hapo ndipo wanapokumbuka wana safari.

Mega yangu iko kwa mteja Kongwa mpaka Jumamosi. Ukitaka mimi, Jumapili mchana nitakuja Kikuyu. Kabla sijafika chomoa kila kitu, mpaka chaja ya simu, na toa balbu zote, la sivyo tutapima balbu badala ya waya.