Meko ya wazi au jiko la chuma la kuni: kipi kinapasha nyumba joto?

Kijinga_Usiku
Wakuu, habari zenu. Nyumba niliyohamia ina meko ya wazi ukutani, na dohani ya matofali. Nimewasha moto kila jioni kwa wiki tatu. Ukikaa mbele yake uso unaungua, mgongo unaganda. Chumba cha pili ndiyo kabisa, na kuni zinateketea kama karatasi. Mke wangu anataka tuweke jiko la chuma lenye mlango wa kioo. Mimi napenda kuziona ndimi za moto na kusikia kuni zikialika. Mliotumia vyote viwili, nipeni ukweli.

Gogo_Kavu
Msikilize mkeo.

Fundi_Masizi
Kazi yangu ni kusafisha dohani, kwa hiyo naona pande zote mbili. Mkuu, kinachokumaliza ni hewa. Moto wa wazi hunywa hewa kupita mahitaji yake, tena hewa ile ile ya chumbani uliyokwisha kuipasha. Ikipanda juu, ya baridi inapenya kwenye nyufa za madirisha na chini ya milango kujaza nafasi yake. Ndiyo maana chumba cha pili kinapoa zaidi ukiwasha moto! Meko ya wazi kwa kawaida hukuachia kama asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la kuni. Jiko zuri la chuma hufika 70 au zaidi, kwa sababu hewa inaingia kwa kiasi unachotaka wewe.

Halafu moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Jiko la kisasa hupuliza hewa ya moto juu ya miali, ile gesi ikawaka humo humo ndani. Kwenye meko ya wazi unaitupa angani.

Bibi_Majivu
Fundi, usiyahukumu meko yote. Benjamin Thompson, yule mwanasayansi aliyeitwa Count Rumford, alishaonyesha miaka ya 1790 kwamba ukipunguza kina cha meko, ukalaza kuta za pembeni zikatazama chumbani na kubana koo la dohani, joto linarudi kwa watu na moshi unapungua. Yangu yako hivyo. Siyabadilishi.

Fundi_Masizi
Kweli bibi, hayo ni afadhali sana. Lakini fikiria saa nane za usiku. Makaa bado yana uhai, huwezi kuziba dohani, maana kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye makaa, haina harufu wala rangi na inaua. Basi tundu linabaki wazi hadi asubuhi, na joto la nyumba nzima linapitia humo.

Mzee_Shoka
Mimi niko upande wa jiko, ila nilianza vibaya. Aliyeniuzia alisema kubwa ndilo bora. Chumba kikawa tanuri, nikawa nabana hewa, moto unafuka tu. Kioo kikawa cheusi, na dohani ikajaa masizi mazito kama lami. Hayo yakishika moto, dohani yote inanguruma. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu ni bora kuliko kubwa linalosinzia.

Na kuni! Mti uliokatwa karibuni, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na joto lako linaishia kuyachemsha. Subiri unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Pasua gogo, upime upande wa ndani, si ganda la nje.

Kijinga_Usiku
Nimeelewa. Bomba la jiko naweza kulichomeka tu kwenye dohani iliyopo?

Fundi_Masizi
Hapana. Dohani ya meko ni pana, moshi wa jiko utapoa humo na kuganda ukutani. Pitisha bomba la chuma kisichoshika kutu hadi juu kabisa, na kwanza dohani isafishwe. Weka pia king'ora cha kaboni monoksidi chumba hicho hicho. Usipuuze hilo.

Kijinga_Usiku
Ahsanteni. Mke wangu kesha shika futi, anapima meko. Kuni nilizonazo zilikatwa mwezi uliopita.

Mzee_Shoka
Basi zipasue leo, zipange penye upepo na kifuniko juu tu. Hizo ni za mwaka kesho. Za sasa tafuta kwingine.