Nilibakwa, na sasa hata kusali kunanitisha. Nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Nasoma humu siku nyingi bila kuchangia, leo nimejikaza.

Miaka miwili iliyopita nilibakwa na mtu wa kundi letu la maombi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Zamani nikisali moyo ulikuwa unatulia. Siku hizi nikifumba macho tu, naiona ile dari. Juzi ibadani mtumishi alitokea nyuma akaniwekea mikono kichwani bila kuniuliza. Nikaganda, jasho likanitoka, watu wakadhani nimeguswa na Roho. Kiongozi mmoja niliyemweleza alisema nisamehe kwanza ndipo nitapona. Nimejaribu. Mdomo unasema nimesamehe, tumbo linakataa.

Sitaki kumwacha Mungu, ila njia ya kumrudia siioni. Mliopitia haya, imani iliwasaidia au iliwaongezea mzigo?

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu. Na mimi yalinikuta, nikiwa na miaka 19. Kilichonisaidia kwanza ni kuacha kufumba macho. Hakuna andiko linaloamuru tufumbe. Nilikuwa nakaa karibu na mlango, miguu peku sakafuni, natazama mwanga chini ya mlango na kusema neno moja tu: "Unaniona?" Kuna wiki hata hilo lilinishinda, nikawa nakaa kimya. Soma Zaburi 88. Inaanza na kilio na kuishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado imo kwenye Biblia. Na mtu akitaka kukuwekea mikono, una haki ya kusema hapana.

Msafiri: Dada, bila msamaha hutakuwa huru. Samehe, sahau, songa mbele.

Mama Wawili: Msafiri, najua nia yako ni njema, lakini maneno hayo yalininyamazisha miaka sita. Soma 2 Samweli 13. Tamari alipobakwa, kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze, asilitie moyoni. Akabaki katika hali ya ukiwa nyumbani kwa huyo kaka yake. Kunyamazishwa hakukumponya.

Abu Swabra: Pole dada yangu. Mimi ni Mwislamu, lakini katika hili tuko pamoja. Katika Suratun Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anawataja wanawake waliolazimishwa uchafu, na kwao anajitaja kuwa Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu. Makemeo ya aya yanamwendea anayelazimisha. Usibebe dhambi isiyo yako.

Mshauri wa Jioni: Nafanya kazi ya ushauri nasaha, na waathirika wengi hunijia na swali kama lako. Kwanza huko kuganda. Ubongo ukiona hatari na hauoni pa kukimbilia, mwili hujifunga wenyewe. Si ridhaa, na si udhaifu wa imani. Ulivyoganda ibadani ni mwili kukumbuka.

Imani huwa nguzo pale mtu anapoamini Mungu yuko upande wake. Ikigeuka kuwa "Mungu ananiadhibu", au "nisiposamehe leo nimekwisha", inazidisha jeraha. Kwa hiyo sali, na pia tafuta mtaalamu aliyesomea kiwewe. Kimoja hakifuti kingine. Msamaha, ukija, uje wenyewe, na hata ukija haukulazimishi kukaa naye chumba kimoja wala kuacha kumshtaki. Je, bado yuko kwenye kundi hilo?

Kwa anayesoma hapa na limemkuta leo au jana: nenda hospitali sasa hivi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Maombi yatakukuta huko huko.

Mwanzisha uzi: Nimesoma yote, asanteni. Jana usiku nimejaribu. Taa inawaka, mgongo ukutani, macho wazi. Nilimwambia Mungu "nimekasirika", basi. Ile dari haikuja.

Mshauri, ndiyo, bado yuko, na sasa anafundisha vijana. Nakutumia ujumbe.