Kuigiza sokoni bila mswada: Waitaliano wa vinyago walishikilia nini?

MwanaKihesa
Kamwene wakuu. Naongoza kikundi cha maigizo cha vijana hapa Iringa. Tumezoea ukumbi, mswada mkononi, mazoezi ya wiki nzima. Sasa tunataka kutoka nje, tuigize pembeni ya soko ambako watu wanapita na mizigo na hakuna kipaza sauti. Kijana wetu mmoja amesoma kuhusu komedia dell'arte, wale Waitaliano waliovaa vinyago na kuchekesha viwanjani bila mswada, na kikundi kizima kimewaka moto. Tumejaribu kwenye mazoezi. Mwanzo unanoga, halafu kila mtu anavutia kwake, hadithi inapotea, wanaishia kutukanana na kujiangusha chini. Inaniuma, maana vipaji vipo.

Wale wenzetu walishikilia nini hadithi isivunjike? Na jingine: wahusika wao walikuwa watu wa miji fulani, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Sisi tukimweka mfanyabiashara Mkinga na askari mstaafu Mhehe, tutakuwa tunawadhalilisha watu?

Mwalimu_Tukuyu
Mkuu, mswada hawakuwa nao, lakini maandalizi walikuwa nayo kuliko sisi wote. Ile ilikuwa kazi ya kulisha familia. Mkataba wa zamani kabisa unaojulikana wa kikundi cha namna hiyo uliandikwa Padova, mji wa Italia, mwezi Februari 1545. Watu wanane walikubaliana kusafiri pamoja, kumhudumia mwenzao akiugua, na kuweka mapato kwenye sanduku lenye funguo tatu, kila moja kwa mtu wake. Kama VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kabisa!

Hadithi ilishikwa na karatasi iliyotundikwa nyuma ya jukwaa: nani anaingia, anataka nini, anazuiwa na nani, anatoka vipi. Maneno hayakuwemo. Mwigizaji mmoja wao, Flaminio Scala, alichapisha mifupa ya hadithi 50 ya aina hiyo mwaka 1611.

Halafu, na hapa ndipo naona vijana wako wamekwama, mwigizaji alishika mhusika mmoja kwa miaka, wengine maisha yao yote. Pantalone, mzee tajiri wa Venezia, mgumu wa kutoa pesa na bado anahangaika na wasichana. Dottore wa Bologna, msomi anayemwaga Kilatini kisicho na maana. Capitano, askari wa majigambo anayekimbia kivuli. Aliyemcheza Pantalone miaka kumi hakuhitaji kuwaza atajibu nini akiombwa mkopo. Usiwabadilishie vijana nafasi kila wiki.

Walikuwa pia na akiba ya vituko vifupi vilivyofanyiwa mazoezi mpaka vikakolea, viliitwa lazzi. Arlecchino, mtumishi mwenye njaa, ananyemelea nzi, anamkamata, anamchambua taratibu, anamla. Hadhira ikipoa, kituko kinatolewa, kisha wanarudi kwenye karatasi. Vijana wako wanajiangusha kwa sababu wakiishiwa hawana cha kuchomoa.

DadaWaMwanjelwa
Naomba nijibu la makabila, kaka, kwa sababu huku Mbeya tunaishi nalo kila siku sokoni. Wale watumishi wa vichekesho, zanni, walikuwa watu wa milimani, upande wa Bergamo, walioshuka Venezia kubeba mizigo. Walichekwa kwa njaa na lafudhi yao, ni kweli. Ila tazama nani anaaibika hadithi ikiisha: mara nyingi ni Pantalone mwenye mali na Dottore mwenye elimu. Sisi tuna utani. Mhehe na Mngoni wanasemana mpaka msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu kila mmoja ana zamu ya kujibu. Kwa hiyo Mkinga wako achezwe na Mkinga, na apewe nafasi ya kurudisha. Lafudhi ibaki, ila kinachochekwa kiwe cheo na uchoyo. Ukimfanya mtu mjinga kwa sababu ya kwao tu, mimi nitaondoka na nitawaambia wenzangu waondoke.

Na wasichana wape nafasi kubwa. Isabella Andreini alikuwa nyota wa kikundi cha Gelosi, na alipofariki Lyon mwaka 1604 alikuwa anajulikana Italia na Ufaransa, wakati Uingereza majukwaani wavulana ndio walicheza wanawake.

MwanaKihesa
Dada, hilo la zamu ya kujibu nalichukua lilivyo. Mwalimu, kuanzia sasa kila kijana ana mhusika wake. Je, vinyago? Tulivyotengeneza kwa maboksi vinafunika uso mzima, sauti haitoki.

Mwalimu_Tukuyu
Vikate chini ya pua, mkuu. Vyao vilikuwa vya ngozi, vya nusu uso, mdomo wazi. Wahusika wa wapenzi vijana hawakuvaa kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mchongaji Amleto Sartori wa Padova aliufufua ufundi ule: ngozi inalowekwa, inavutwa juu ya umbo la mbao, inagongwa kwa nyundo ndogo mpaka ishike kila kunjo. Tafuta mchongaji akutolee umbo moja la mti laini, na fundi viatu akupe mabaki ya ngozi nyembamba. Anza na Pantalone, pua yake ndefu ni rahisi kuivuta.