Gumzo la kikundi cha ukoo: Babu na ratiba ya chuo

Binti wa Kilifi, saa 1:40 usiku
Assalaam alaikum jamaa zangu nyote, na shikamoo Babu. Ninawaarifu kuhusu shughuli zitakazofanyika hapa chuoni mwezi wa Julai, kwa kuwa wananchi wamekaribishwa na nisingependa watu wa nyumbani wazikose. Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, ambapo kutakuwa na mhadhara asubuhi na usomaji wa mashairi alasiri. Jumapili tarehe 26 ni siku ya kimataifa ya kuhifadhi mikoko, na wanafunzi wa sayansi ya bahari watapanda miche pamoja na wakazi wa kando ya hori la bahari. Katikati ya hizo kutakuwa na uchunguzi wa macho bila malipo, lakini tarehe yake haijatangazwa.

Mama
Waalaikum salaam mwanangu. Hiyo ya macho usiisahau, maana siku hizi uzi na tundu la sindano havikutani tena mkononi mwangu.

Ami Mwalimu
Waalaikum salaam warahmatullah. Kwanza nampongeza binti yetu kwa kuandika sentensi kamili, kama tulivyokubaliana katika kikundi hiki baada ya "xaxa" na "cku njema" kunipandisha shinikizo la damu. Pili, kuhusu tarehe 7: UNESCO iliitangaza siku hiyo mwezi wa Novemba 2021, na hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa heshima hiyo kabla. Tarehe yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ndiyo ambayo mwaka 1954 chama cha TANU, chini ya Julius Nyerere, kilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Sina kinyongo na historia hiyo, ila ningeomba mhadhara wenu usianzie hapo, wala usianzie mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha lugha kwa kufuata Kiunguja, kana kwamba kabla ya hapo watu wa Lamu na Pate walikuwa wakizungumza kwa ishara. Mtu wa Amu, yaani Lamu, anayesema "nti" kwa nchi na "kuya" kwa kuja hakosei kitu.

Shangazi wa Malindi
Mwalimu, punguza, hujaalikwa kuhutubia. Mimi niko kilomita 60 tu kutoka Kilifi, kwa hiyo nitakwenda kusikiliza mashairi alasiri, nikishafunga duka.

Binti wa Kilifi
Ahsante Shangazi. Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike usiku huu ni lile la tarehe 26. Mhadhiri wetu aliuliza darasani kama kuna mwenye mzee anayeijua mikoko kwa kuikata, wala si kwa kuisoma, nami nikamtaja Babu kabla ya kuomba ruhusa yake. Naomba radhi kwa hilo, na ninaomba akubali kuja kuzungumza nasi.

Kijana wa Langoni
Ninaandika kwa niaba ya Babu, ambaye yuko hapa barazani Lamu na nimemsomea yote. Radhi umepewa. Anauliza jambo moja tu: mnapanda saa ngapi?

Binti wa Kilifi
Ratiba inasema usajili na chai ni saa tatu asubuhi, hotuba zinaanza saa tatu na nusu, kisha wageni wanaelekea ufukweni kupanda kuanzia saa sita.

Kijana wa Langoni
Babu amecheka hadi kofia imemdondoka. Amehesabu kwa vidole na kusema kwamba siku hiyo mwezi utakuwa wa kumi au wa kumi na moja, bamvua, yaani maji makubwa, bado siku chache, kwa hiyo maji yatakupwa kabisa saa mbili na kitu asubuhi, na itakapofika saa sita yatakuwa yamekwisha kuyafunika matope mnayotaka kupanda, yakielekea kujaa saa nane. Anauliza kama mnapanda mikoko au mnapanda samaki.

Ami Mwalimu
Kwa faida ya vijana, nieleze kwamba maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, kwetu hupwa saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri, ilhali siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ndiyo hujaa saa hizo za asubuhi. Kila siku saa husogea mbele. Baba hakuhitaji jedwali la maji kupwa na kujaa kwa sababu alikuwa akitoka na jahazi kwa hesabu hiyo kabla sijazaliwa.

Binti wa Kilifi
Nimefungua jedwali la bandari ya Kilindini na nimeona aibu. Babu yuko sahihi. Ratiba ilipangwa na watu waliotazama kalenda ya ukumbi.

Kijana wa Langoni
Babu anauliza tena: miche ni ya mti gani?

Binti wa Kilifi
Yote ni ya aina moja tu ya mikoko, ule unaoitwa mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu zake ndefu huokotwa kwa urahisi na huchomekwa tu kwenye tope bila kupitia kitalu.

Kijana wa Langoni
Hapo ameacha kucheka. Anasema niandike polepole, nisiruke neno. Mlilana hukaa mbele, unakopigwa na bahari. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu hupenda kule juu kunakofikiwa na maji mara chache, ingawa wakati mwingine huota hata mbele. Ukiupeleka mkoko mahali pa mlilana, mawimbi yataung'oa. Ukiupeleka mahali pa mchu, utakauka. Anakumbusha kuwa miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni huku kwetu, wakapanda mkoko kwenye mchanga mtupu unaotazama bahari kuu, wakapigwa picha na kuondoka, na kabla ya upepo wa kusi kwisha hapakusalia hata mche mmoja. Zilisalia chupa za maji. Hatakwenda Kilifi kushuhudia hayo tena.

Mama
Mwambieni pia kuhusu majina ya miti ya kujengea, maana watoto wa leo kila kijiti wanakiita boriti.

Kijana wa Langoni
Amesema hilo atalieleza mwenyewe akifika, lakini kwa ufupi ni hivi: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kuanzia jembamba hadi nene, na mkataji hujua jina kwa kushika tu, kabla shoka halijagusa shina. Vyumba vya nyumba za mawe za Amu ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Fundi hakuweza kuvuka urefu ambao mti unaweza kubeba dari ya mawe na chokaa. Miti hiyohiyo ilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni hadi serikali ilipozuia kuiuza nje mwaka 1982. Marufuku ya ukataji ya 2018 nayo anaikumbuka vizuri, kwani wakataji wa Lamu walikaa bila kazi hadi waliporuhusiwa tena.

Ami Mwalimu
Binti, liandike hili: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu. Si ajabu kwamba chuo kinamhitaji mzee wa huku.

Mama
Nani atampeleka? Magoti yake mnayajua.

Shangazi wa Malindi
Avuke kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, Jumamosi asubuhi na mapema, apande basi la kwanza, ashukie kwangu Malindi na alale. Jumapili tutatoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na yeye. Kijana afuatane naye, abebe mfuko.

Binti wa Kilifi
Chuo kitarudisha nauli baada ya kuwasilisha risiti.

Kijana wa Langoni
Babu anauliza nahodha wa mashua ya Mokowe ataandikia wapi hiyo risiti.

Ami Mwalimu
Nauli nitatoa mimi. Tusimchoshe mzee kwa makaratasi.

Binti wa Kilifi, siku ya pili, saa 7:15 mchana
Nimetoka kwa mhadhiri sasa hivi. Nilimwonyesha ujumbe wa Babu neno kwa neno, akausoma mara mbili na kuagiza ratiba igeuzwe: kupanda kutaanza saa mbili asubuhi na hotuba zitafuata tukisharudi. Kuhusu miche, tutapanda mkoko katika ukanda wake tu, na sehemu ya juu itaachwa hadi kitalu cha mchu kitakapokuwa tayari. Ameomba Babu atembee nasi ufukweni Jumapili hiyo kabla ya mtu yeyote kuchomeka mbegu, atuonyeshe mpaka.

Kijana wa Langoni
Nimemsomea. Amenyamaza kidogo, kisha amesema atakuja, inshallah. Ila anauliza kama chai nayo imesogezwa au imebaki palepale saa tatu, kwa kuwa yeye haingii topeni kabla ya chai.