Hati za dhabihu za Decius: zilifanyaje kazi, na je, ndizo zilizowagawa Wakristo wa Afrika?

Mwalimu_Buruburu
Habari za jioni, ndugu. Jumamosi vijana wa kanisa letu hapa Buruburu wana kipindi cha dakika 90 juu ya Wakristo chini ya Roma. Nataka mambo matatu yanyooke kabla ya siku hiyo. Amri ya Kaisari Decius iliwalenga Wakristo peke yao au watu wote? Hati waliyopewa waliotoa dhabihu iliandikwa nini hasa? Na mgawanyiko wa Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na kanisa, ulizaliwa na hati hizo au na jambo lingine? Vitabu vingi huruka kutoka Nero hadi Konstantino, na vijana hawa wanauliza maswali mazito.

Karani_wa_Papiri
Mwalimu, amri ilikuwa ya watu wote, na hapo ndipo penye uzito wake. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia wa Roma karibu watu huru wote wa dola. Ndiyo maana kwenye hati hizi karibu kila mtu anaitwa Aurelius au Aurelia: walichukua jina la ukoo wa kaisari aliyewapa uraia. Decius alipotwaa kiti mwaka 249, alikuwa na raia wengi wa kuwaamuru kwa pamoja waiombee dola kwa miungu. Mpaka wa mto Danube ulikuwa unavuja na makaisari walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine.

Zimesalia hati zaidi ya 40, zote kutoka Misri, nyingi za kijiji cha Theadelphia huko Fayum, za Juni na Julai 250. Muundo wake ni ombi, kama mtu anayekwenda kwa chifu kuomba barua:

1. Kwa nani: waliochaguliwa kusimamia dhabihu.
2. Mwombaji: jina, baba, kijiji, mara nyingi umri na alama ya mwili. Aurelius Diogenes, miaka 72, ana kovu kwenye nyusi ya kulia.
3. Tamko: nimekuwa nikiitolea miungu dhabihu siku zote, na sasa mbele yenu, kulingana na amri, nimemwaga kinywaji, nimetoa dhabihu na nimeonja nyama yake. Naomba mthibitishe.
4. Sahihi za mashahidi, kisha tarehe kwa mwaka wa utawala wa kaisari. Ya Diogenes ni 26 Juni 250.

Ushahidi wa kuwaonyesha vijana ni hati ya Aurelia Ammonous. Huyu alikuwa kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba. Hakuna aliyemshuku kuwa Mkristo, na bado ilimbidi apange foleni.

Binti_Karthago
Naongeza upande wa kanisa, maana kwa Wakristo kazi ngumu ilianza baada ya foleni. Fabian, askofu wa Roma, alikufa Januari 250. Cyprian, askofu wa Karthago (mji wa Afrika ya Roma, leo Tunisia), alijificha na kuliongoza kanisa kwa barua. Anasimulia kwamba watu walijaa kwa mahakimu hadi jioni, wengine wakaambiwa warudi kesho.

Walioanguka, yaani Wakristo waliokubali kutii amri, hawakuwa kundi moja. Kuna waliotoa dhabihu ya mnyama, kuna waliochoma ubani tu, na kuna walionunua hati kwa rushwa bila kugusa madhabahu. Usiwachanganye darasani, kwa sababu mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa 251 haukuwachanganya: walionunua hati walipokelewa baada ya kila kesi kuchunguzwa, waliotoa dhabihu walipangiwa toba ndefu. Huko Roma padri Novatian alikataa kumrudisha hata mmoja, akajitenga.

Pia kulikuwa na karatasi ya pili, na watu huisahau. Wakristo waliokuwa gerezani kwa ajili ya imani waliwaandikia walioanguka barua za kuwaombea warudishwe. Baadhi zilisema tu "fulani na watu wake", bila idadi. Cyprian alilalamika kwamba kwa barua moja wangeweza kuja ishirini au thelathini. Alitaka kila mtu atajwe kwa jina.

Decius mwenyewe aliuawa na Wagothi huko Abritus mwaka 251, na msako wake ukaishia hapo.

Mwalimu_Buruburu
Asanteni sana. Kwa hiyo Wadonato hawatokani na hati hizi?

Karani_wa_Papiri
Hapana, ni miaka 50 baadaye, na safari hii kilichotakiwa kilikuwa vitabu. Februari 303, kutoka mji wa Nicomedia (leo Uturuki), Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Aliyekabidhi vitabu aliitwa *traditor*, mkabidhi, na Kilatini hichohicho kikalifanya neno hilo kuwa msaliti.

Msomee darasa kumbukumbu ya msako wa Cirta, 19 Mei 303 (leo ni mji wa Constantine, Algeria). Karani aliorodhesha kila kitu: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa 7 za fedha, kanzu 82 za wanawake, kanzu 16 za wanaume, jozi 47 za viatu vya kike. Kwa maoni yangu nguo hizo zinaeleza kanisa la kale kuliko hotuba yoyote, maana zilikuwa akiba ya kuwavika maskini. Kabati za vitabu zilikutwa tupu, kwa sababu vitabu vilikuwa nyumbani kwa wasomaji, yaani wahudumu waliosoma Maandiko kanisani. Wasaidizi wawili wa shemasi walikataa kuwataja wasomaji, wakasema waamuriwe kufa. Askari walizunguka nyumba kwa nyumba hata hivyo.

Msaidizi mwingine aliyekuwepo, Silvanus, alitoa sanduku la fedha na taa ya fedha, akisema amevikuta nyuma ya mtungi. Baadaye akawa askofu wa Cirta, upande wa Wadonato. Mwaka 320 kumbukumbu hii ilisomwa mbele ya gavana Zenophilus kuonyesha kwamba Silvanus naye alikabidhi.

Wadonato walisema askofu aliyewekwa wakfu na mkabidhi si askofu, wakamkataa Caecilian, askofu wa Karthago, kwa kumshtaki Felix wa Abthungi, askofu aliyemweka wakfu, kwamba alikuwa mkabidhi. Uchunguzi ukamsafisha Felix: karani Ingentius alikuwa ameongeza maneno kwenye barua iliyotumika kumshtaki. Lakini mgawanyiko haukupona. Mwaka 411 pande zote mbili bado zilileta Karthago mamia ya maaskofu. Mwaka 439 Wavandali, kabila lililovamia kutoka Ulaya, waliuteka mji huo, na dola ya magharibi ikapoteza nafaka na kodi za Afrika.

Binti_Karthago
Mwalimu, jambo moja kabla hujachapa karatasi za vijana: usiandike kwamba mwaka 313 Ukristo ulikuwa dini ya dola. Kaisari Galerius aliruhusu ibada ya Wakristo mwaka 311. Mwaka 313 makaisari Konstantino na Licinius walikubaliana kila mtu afuate dini yake na mali ya makanisa irudishwe. Amri ya kuwataka raia wafuate imani ya Nikea (ile iliyokubaliwa na mtaguso wa Nikea wa 325) ni ya Kaisari Theodosius, 27 Februari 380.