Laptop inamaliza chaji ndani ya saa moja na nusu, nimehangaika na mipangilio ya prosesa hadi nimechoka. Naombeni ushauri

Sauti_ya_Alfajiri (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Nina laptop ya Windows 11 ambayo miezi michache nyuma ilikuwa inakaa na chaji saa sita bila shida. Siku hizi ikijitahidi sana ni saa moja na nusu. Upande wa kushoto, pale juu ya kibodi, panachoma mpaka nikiandika nainua kiganja. Feni inavuma tangu nawasha mpaka nazima.

Nimepunguza mwanga wa skrini, nimezima Bluetooth, nimeondoa programu zote zinazojiwasha zenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme wa prosesa, kiwango cha juu nikakitoa 100 nikaweka 99, nikaja 80, jana nimefika 50. Mashine imekuwa nzito, inajikokota, na nilichoambulia ni dakika ishirini tu. Swali langu ni hili: kiwango cha juu na cha chini niweke ngapi? Kazi yangu yote iko humu. Nawasilisha.

Kipanga_Mweusi
99 inatosha. Ukiweka 99, kwa mashine nyingi turbo inazimika na prosesa inabaki kwenye kasi yake ya msingi. Kasi ikipanda volti nayo inapanda, na umeme unaoliwa unafuata kipeo cha pili cha volti, ndiyo maana ile kasi ya juu kabisa ni ghali kuliko unavyodhani. Kushuka mpaka 50 hakuna faida kubwa, kazi inachukua muda mrefu na prosesa inachelewa kupumzika. Cha chini weka 5. Umemaliza.

Mama_Waya
Mwanangu, usihangaike na asilimia, kagua betri kwanza. Yangu ilianza hivi hivi. Nikaona padi ya kipanya haibonyezeki, nikainama usawa wa meza, nikaona kifuniko cha chini kimeachana na mwili, kadi inapenya. Betri ilikuwa imevimba kama andazi! Na nilikuwa nailaza kwenye chaja usiku kucha, kila siku 100, tena juu ya godoro. Betri ya lithiamu haipendi joto na haipendi kushinda imejaa. Vijana mnachaji tu, hamsikii.

jiwe_la_pembeni
Hamia Linux, weka TLP, ile programu ya kubana matumizi ya chaji, sahau shida. Mimi nina mwaka wa tatu.

Kipimo_Kwanza
Kabla hatujamhamisha mtu nyumba, tupime. Dada au kaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /batteryreport`. Itakutengenezea ripoti. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo ikijaa. Zilete hapa.

Sauti_ya_Alfajiri
Ni dada. Asanteni wote. Mama Waya, nimeikagua, haijavimba, imelala sawasawa mezani. Ripoti inasema 50,000 mWh ilipokuwa mpya, sasa 43,120. Nahisi jibu ndilo hilo, imechoka. Niseme ukweli, betri mpya nimeshaagiza juzi, iko njiani. Kwa hiyo nilitaka tu hizo asilimia za kujishikiza mpaka ifike.

Kipimo_Kwanza
Dada, hiyo betri haijachoka. Imebakiza 86%. Piga hesabu nami: 43,120 mWh ni kama wati-saa 43, gawanya kwa saa moja na nusu, mashine yako inakula karibu wati 29 kwa wastani. Zamani kwa saa sita ilikuwa inakula kama wati 7. Kuna kitu kinameza zaidi ya wati 20 muda wote, na ukiweka betri mpya kitaimeza nayo. Fungua Task Manager, usiguse chochote dakika tano, kisha utuambie prosesa iko asilimia ngapi na programu gani iko juu.

Sauti_ya_Alfajiri
Betri siwezi kuirudisha, na sioni ubaya wa kuwa na betri mpya.

Nimefungua. Hapa ndipo panaponichanganya siku zote. Ukurasa wa grafu unaonyesha 100%, mstari umenyooka juu kabisa, haucheki. Nikienda kwenye orodha ya programu, najumlisha moja moja, zote pamoja hazifiki 5.

Mzito_wa_Hoja
Hii ni chai, wakuu. Prosesa 100% halafu hakuna anayeitumia? Hizo 95 zinaliwa na nani, jini? Kwanza ameanza na swali la asilimia, tukamuuliza akatoa betri iliyoagizwa, sasa analeta grafu ya maajabu. Na prosesa nyingi za laptop nyembamba zinaandikwa wati 15, yeye anakula 29. Watu wanatunga nyuzi humu ili wapate majibu mengi. Mimi nimetoka.

Kipanga_Mweusi
Hata mimi nimeshtuka. Dada weka picha ya skrini.

jiwe_la_pembeni
Kwenye wati sikubaliani nawe, Mzito. Zile 15 ni za prosesa peke yake ikifanya kazi mfululizo kwenye kasi ya msingi. Turbo ikiwaka inapita hapo, halafu ongeza skrini, diski, feni na kumbukumbu. 29 inafika vizuri tu. Ila hiyo grafu hata mimi imenishinda.

Sauti_ya_Alfajiri
Sijaja kutunga. Nimekaa na hii mashine wiki tatu sielewi, natoka kazini na chaja begani kama mtungi. Kama hamwezi kunisaidia semeni tu, msiniite mwongo.

Kipimo_Kwanza
Tulieni. Hiyo grafu ndiyo ushahidi wenyewe, na mtu anayetunga asingeijua. Dada, nakuomba unijibu bila kuficha: kabla shida haijaanza, uliwahi kubandika amri yoyote kwenye dirisha jeusi, labda umeitoa kwenye video?

Sauti_ya_Alfajiri
Ndiyo.

Sikusema kwa sababu niliona haihusiani, na kwa sababu ile amri ilinisaidia. Narekodi vitabu vya kusikiliza. Kila nikirekodi, sauti ilikuwa inatoa mikwaruzo, tik, tik, katikati ya sentensi, narudia ukurasa mzima mara nne. Nikapata mtu anaeleza namna ya kuzuia prosesa isisinzie. Nikabandika mistari miwili, nikaiwasha upya, mikwaruzo ikapungua sana. Mmoja ulikuwa na neno IDLEDISABLE, mwishoni kuna 1. Nimebakiza sura sita, kwa hiyo msiniambie niitoe.

Kipimo_Kwanza
Tumempata.

Prosesa ikikosa kazi, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, inazima vipande vyake na kulala. Inalala na kuamka mara nyingi sana kwa sekunde moja wakati wewe unasoma tu ukurasa. Zile saa sita zako zilitoka kwenye usingizi huo. IDLEDISABLE ikiwa 1, viini vyote vinakesha, vinazunguka bure, na Windows inauhesabu mkesha huo kama kazi. Ndiyo maana grafu inasema 100 na orodha haina mwenye kosa. Ndiyo maana kushusha kiwango cha juu hadi 50 hakukusaidia kitu cha maana: umempunguzia mwendo mtu ambaye shida yake ni kunyimwa kulala. Na mpangilio huu kwa kawaida umefichwa, hata ungezunguka kwenye menyu hadi asubuhi usingeuona.

Sikwambii uitoe kote. Mipangilio hii ina pande mbili, kwenye chaja na kwenye betri. Mistari yako miwili nadhani mmoja ulikuwa wa kila upande. Upande wa betri rudisha:

`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor IDLEDISABLE 0`
`powercfg /setactive scheme_current`

Kiwango cha juu kirudishe 99 au 100. Rekodi ukiwa kwenye chaja mpaka sura sita ziishe, lakini lile joto halifai kudumu. Wakati huo ongeza bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) kwenye programu ya kurekodia, kisha pima na programu ya LatencyMon, itakuonyesha draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, inayochelewesha sauti. Mara nyingi ni ya Wi-Fi. Zima Wi-Fi, iruhusu prosesa ilale na upande wa chaja pia, rekodi kidogo usikilize kama mikwaruzo inarudi.

fundi_wa_usiku
Ungeshusha volti tu mambo yangeisha.

Kipanga_Mweusi
Volti kwenye mashine nyingi za Intel imefungwa tangu lile tundu la usalama la Plundervolt la 2019, lililotumia kushusha volti kuishambulia prosesa. Na hapa haihusiki.

Mzito_wa_Hoja
Nimeijaribu kwenye mashine yangu. Nimebandika 1, grafu ikaruka mpaka 100 papo hapo, orodha tupu, feni ikaanza kulia kabla sijatoa mkono. Nikarudisha 0, ikashuka. Dada naomba radhi, nilikukosea.

Sauti_ya_Alfajiri
Yameisha, kaka.

Mrejesho. Nilibandika ile mistari jana usiku. Feni ilivuma kama nusu dakika, ikapungua, ikanyamaza. Nikaweka kiganja pale kushoto, nikakiacha. Leo nimechomoa chaja asubuhi, hivi sasa ni saa nne na dakika kumi tangu nichomoe, betri iko 31%. Wi-Fi nayo nimeizima nikarekodi kurasa mbili kwenye chaja huku prosesa imeruhusiwa kulala. Nimesikia tik moja tu, na sina hakika kama haikuwa kiti.

Betri mpya imefika, iko kwenye boksi. Bado natamani kuiweka.

Mama_Waya
Iache kwanza, mwanangu. Angalia chaji iliyonayo, isije ikakaa tupu. Betri inayosubiri inahifadhika vizuri ikiwa karibu nusu, mahali pasipo joto.